Kuunda Tawi la Mhusika: Jinsi ya Kuoanisha Hesabu za Mchezo na Hadithi Yake

Kila Jumamosi alasiri tunakutana watu sita kwenye veranda moja mtaani Migosi, Kisumu, kucheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kuigiza wahusika ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliuchapisha Marekani mwaka wa 1974. Mimi ndiye msimamizi wa mchezo: ninasimulia ulimwengu, ninaendesha maadui, na ninaamua pale kanuni zinaponyamaza. Mwaka uliopita nilijitwika jukumu la kuandika tawi jipya la mpiganaji kutokana na kisa ambacho kila mtoto wa Kano amekisikia, nikalipeleka mezani kwa fahari, nalo likaharibu mchezo wetu kwa majuma matatu mfululizo. Mwongozo huu umetokana na kulivunja tawi hilo na kulijenga upya, na utamfaa yeyote anayetaka kuandika la kwake.

Kwanza tukubaliane kuhusu istilahi. Kila mhusika huwa na fani, kwa mfano mpiganaji, kuhani, manju au mlozi, na ndani ya fani hiyo mchezaji huchagua tawi, yaani njia mahususi inayomtofautisha mpiganaji wake na wapiganaji wengine. Tawi lina pande mbili. Upande mmoja ni kanuni: dadu gani inarushwa, mara ngapi kwa siku, kwa faida gani. Upande wa pili ni hadithi: mtu huyu ni nani, anaamini nini, ametoka wapi. Kazi ya mwandishi ni kuhakikisha kwamba mchezaji anapoinua dadu, ile hadithi ndiyo inayomsukuma kuamua, badala ya kubaki aya nzuri iliyoandikwa juu ya kanuni na kusahauliwa kabla ya chai kupoa.

Hatua ya kwanza: tafuta kitendo kabla ya sifa

Waandishi wengi huanza na sura. Wanaona vazi, rangi ya macho, upanga unaowaka, kisha wanatafuta namba za kuvalisha sura hiyo. Mimi pia nilianza hivyo. Kisa nilichokichagua ni cha Lwanda Magere, shujaa wa masimulizi ya Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe. Jina lenyewe Lwanda maana yake ni mwamba. Mikuki ilimgonga ikaanguka. Katika usimulizi unaojulikana zaidi, aliozwa mwanamke wa upande wa maadui, na siku alipougua alimwambia mkewe amchanje dawa kwenye kivuli chake, si kwenye ngozi. Mke alichanja, akaona kivuli kinatoa damu, akaenda kuwaambia watu wake. Katika vita vilivyofuata, mkuki ulichomwa kwenye kivuli, naye akafa na kugeuka mwamba.

Sentensi yangu ya kwanza kuhusu tawi hili ilikuwa: «Ni mpiganaji ambaye mikuki haimwingii.» Ilinichukua muda kutambua kwamba sentensi hiyo haina kitendo chochote ambacho mchezaji anaweza kukifanya. Kutoingiwa na mkuki ni hali, na mchezaji mwenye hali huketi tu akingoja kupigwa. Kwa hiyo ninapendekeza uandike sentensi moja yenye sehemu tatu: mhusika anafanya nini, anakifanya kwa ajili ya nini, na kinamgharimu nini. Nilipoirudia kazi niliandika hivi: «Ni mpiganaji anayempa mwenzake siri ya uhai wake ili aweze kusimama mbele ya wengine, na tangu hapo mwenzake huyo ndiye anayeweza kumuua.» Ukiisoma tena utaona kwamba jiwe halitajwi popote. Jiwe lilikuwa pambo la kisa. Kiini chake kilikuwa ile siku ya kuchanjwa.

Niseme jambo moja kuhusu kuazima. Shujaa wa masimulizi ya kale anaweza kuazimwa, mradi usimwandike yeye mwenyewe bali watu wanaofuata njia yake. Vyeo vya kiroho ambavyo bado vina wenyewe, kwa mfano kile cha Orkoiyot miongoni mwa Wanandi, mimi huviacha kabisa, isipokuwa mezani pawe na mtu wa jamii hiyo ambaye amependekeza mwenyewe na anayeweza kunikosoa.

Hatua ya pili: jua nafasi ulizopewa

Tawi halikai angani. Linachomekwa katika ngazi maalumu za fani, yaani hatua ambazo mhusika huzipanda kadiri mchezo unavyoendelea. Katika kitabu cha wachezaji cha toleo la tano kilichotoka mwaka wa 2014, kuhani alichagua tawi lake kwenye ngazi ya 1, mlozi kwenye ngazi ya 2, na mpiganaji kwenye ngazi ya 3. Kitabu kilichorekebishwa cha 2024 kimewaweka wote kwenye ngazi ya 3. Mpiganaji hupata zawadi za tawi kwenye ngazi za 3, 7, 10, 15 na 18. Ziandike namba hizo kwenye karatasi, kisha andika kando yake yale ambayo fani tayari inayafanya bila msaada wako. Mpiganaji huvaa deraya nzito, hupiga mara mbili kuanzia ngazi ya 5, na anaweza kujirudishia uhai katikati ya vita. Tawi lisirudie yaliyomo, wala lisiibe moyo wa fani nyingine. Hili la pili ndilo lililonishinda.

Hatua ya tatu: piga hesabu kabla ya kupenda ulichokiandika

Kanuni yangu ya kwanza ilisema kwamba kuanzia ngazi ya 3, silaha zote humletea mpiganaji wa Jiwe nusu tu ya madhara. Ilionekana ya haki kwangu kwa sababu ilikuwa mwaminifu kwa kisa. Hebu tuipime. Mpiganaji wa ngazi ya 3 mwenye siha ya kawaida ya +2 ana pointi 28 za uhai. Akivaa deraya ya minyororo na kushika ngao, ulinzi wake, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ili ampate, ni 18. Tumletee zimwi aina ya ogre, ambalo hujumlisha 6 kwenye dadu ya pande 20 na kuleta madhara ya wastani wa 13. Zimwi hilo linahitaji 12 au zaidi ili limpate, yaani nafasi 9 kati ya 20, sawa na asilimia 45. Ukizidisha, kila zamu humwondolea mpiganaji pointi 5.85 kwa wastani, kwa hiyo atasimama karibu zamu tano. Madhara yakikatwa nusu, anasimama karibu zamu kumi, bila kurusha dadu yoyote, bila kuchagua chochote, mchana na usiku.

Nusu ya madhara ya silaha ndiyo hasa zawadi kuu ya fani ya barbarian, yule anayepigana kwa hasira, naye huipata akiwa katika ghadhabu tu, ambayo kwenye ngazi ya 3 anaweza kuiwasha mara tatu kwa siku, tena bila deraya nzito. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu wa fani nyingine moyo wake na kumpa mwingine bure. Mpwa wangu, ambaye huigiza kuhani mponyaji, ndiye aliyeliona kabla yangu. Katika pambano la pili alikunja karatasi yake akaniuliza kwa upole: «Mjomba, kama mikuki haimwingii huyu, mimi nimesimama hapa kufanya nini?» Sikuwa na jibu. Kosa la mizani huonekana kwanza kwa yule ambaye kazi yake imeondolewa, si kwa yule aliyepewa nguvu, kwa hiyo unapopima tawi jipya waangalie zaidi wale wengine mezani.

Hesabu hukosea pia kwa upande wa pili. Tawi la Champion humruhusu mpiganaji kuhesabu pigo kuu, lile ambalo dadu zake za madhara hurushwa maradufu, kwenye 19 na 20 badala ya 20 peke yake. Jina linavutia, lakini nafasi imepanda kutoka asilimia 5 hadi 10 tu, na kwa upanga mkubwa wenye dadu mbili za pande 6 hiyo ni nyongeza ya takriban 0.35 kwa kila shambulio. Tawi la Beast Master la 2014 lilikuwa na mada ya kupendeza sana, mwindaji na mnyama wake, lakini mwindaji alilazimika kutumia kitendo chake mwenyewe ili mnyama ashambulie. Watu walipiga hesabu wakamwacha mnyama nyuma, na hadithi ikafia hapo. Toleo la 2024 liliihamishia amri hiyo kwenye kitendo cha ziada, kile kidogo kinachofanywa pamoja na kitendo kikuu cha zamu, na kwa badiliko hilo dogo mnyama akarudi vitani.

Kipimo rahisi ni kulinganisha zawadi yako na ya jirani yake katika fani hiyohiyo. Battle Master wa ngazi ya 3 hupata dadu nne za pande 8 ambazo hurudi kila baada ya mapumziko mafupi, yaani wastani wa pointi 18 kwa kila kipindi, pamoja na mbinu ndogo zinazoambatana nazo. Zawadi yangu mpya ilipaswa kukaa karibu na hapo, huku nikikumbuka kwamba pointi uliyoizuia hailingani moja kwa moja na pointi uliyoileta.

Hatua ya nne: itie hadithi ndani ya sharti

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Nitaiweka kanuni iliyotokea kama ilivyo kwenye karatasi yetu, kisha niieleze.

«Mwili wa Jiwe, ngazi ya 3. Shambulio la silaha likikupata, na kabla dadu za madhara hazijarushwa, unaweza kutumia mwitikio wako kupunguza madhara hayo kwa dadu moja ya pande 10 jumlisha bonasi yako ya ustadi. Idadi ya matumizi ni sawa na idadi ya wenzako walio hai ambao umewaambia siri ya kivuli chako ndani ya mchezo, bila kuzidi bonasi yako ya ustadi. Matumizi yote hurudi baada ya mapumziko mafupi au marefu. Huwezi kutumia Mwili wa Jiwe dhidi ya mshambuliaji anayeijua siri yako.»

Mwitikio ni kitendo kimoja cha haraka ambacho mchezaji hukifanya nje ya zamu yake. Bonasi ya ustadi, namba inayopanda pamoja na ngazi, ni 2 hadi ngazi ya 4, na 3 kuanzia ngazi ya 5 hadi ya 8. Kwa hiyo mwanzoni kila tumizi huzuia pointi 7.5 kwa wastani. Mpiganaji ambaye hajamwambia mtu yeyote hana kitu. Akimwambia mmoja, pointi zake 28 ni kama 35.5, na mbele ya lile zimwi atasimama zamu sita hivi. Akiwaambia wawili ni kama 43, zaidi kidogo ya zamu saba. Bado ni mwamba, lakini ni mwamba unaohitaji watu.

Sharti la idadi linafanya kazi mbili kwa pamoja: linazuia namba isivimbe, na linamfanya mchezaji aishi kile kisa. Kila anayeambiwa siri anamwongezea ulinzi, na kila anayeambiwa anaingia kwenye orodha ya wale ambao mikuki yao itamwingia. Sikuhitaji kuandika popote kwamba mhusika huyu ni msiri, au kwamba huona ugumu kuamini watu. Mchezaji wetu, fundi wa simu ambaye kwa kawaida hupenda kupigana kuliko kuongea, alikaa kikao kizima bila kumwambia mtu. Katika kikao cha pili, baada ya kupoteza pointi 22 katika raundi moja, alimsogelea kuhani kando ya moto na kusema kwa sauti ya mhusika wake: «Nikiugua, usinichanje hapa.» Akaonyesha mkono. Kisha akaonyesha sakafu, pale taa ilipoangusha kivuli chake. Ninaamini hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuigiza bila kulazimishwa, nayo ilitoka kwenye hesabu.

Kuna jaribio ninalolifanya kwa kila tawi tangu siku hiyo. Ninafunika kwa kiganja jina na maelezo yote ya hadithi, ninambakishia msomaji kanuni tupu, kisha ninamwomba akisie mhusika huyu ni mtu wa namna gani. Kanuni ya nusu ya madhara ingeweza kuwa ya kobe, ya zimwi, au ya mtu aliyevaa sufuria kichwani. Ukiondoa neno Jiwe na neno kivuli kwenye kanuni ya pili, bado unabaki na mtu ambaye usalama wake umo mikononi mwa anaowaamini.

Hatua ya tano: amua nani atabeba udhaifu

Mada nyingi nzuri zina udhaifu ndani yake, na swali la kiufundi ni nani atakayekuwa na jukumu la kuukumbuka. Ukimwachia msimamizi, utasahaulika, kwa sababu msimamizi tayari anaendesha majoka sita na mlinzi wa lango. Tawi la Wild Magic la 2014, la mchawi ambaye uchawi wake hautabiriki, lilimtegemea msimamizi aamue ni lini mchezaji arushe dadu ya vurugu, na hata alipokumbuka, nafasi ilikuwa 1 kati ya 20; toleo la 2024 limempa mchezaji mwenyewe dadu hiyo. Fuata mfano huo: mpe udhaifu yule anayefaidika na nguvu, au uufunge kwenye tukio lisiloweza kupita bila kuonekana.

Kosa la upande wa pili ni udhaifu unaogeuka kuwa askari wa tabia. Katika matoleo ya mwanzo, paladini, yaani shujaa mtakatifu, aliyevunja maadili yake alipoteza nguvu zake, na kila meza yenye paladini ilitumia saa nzima kubishana kama kumdanganya mwizi ni dhambi. Kanuni inayomwambia mchezaji «lazima mhusika wako ahisi hivi» humnyima uigizaji wenyewe. Mpe bei, kisha umwache achague kama atailipa.

Nilikuwa na kishawishi kimoja hapa. Mchezaji aliuliza, na swali lilikuwa la haki: gizani hakuna kivuli, je, usiku hauawi? Niliandika kanuni ya mwanga, mwenge, mbalamwezi na wingu, nusu ukurasa mzima, nikaipenda. Baada ya kikao kimoja niliifuta, kwa sababu kila zamu ilisimama tukihesabu taa ziko wapi. Hadithi ilipungua kidogo, mchezo ukaenda. Kama meza yako hucheza kwa ramani yenye mwanga uliochorwa, huenda ukaamua tofauti.

Hatua ya sita: ngazi za juu

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu tawi huishi au hufa kwenye ngazi ya 3. Ngazi ya 7 ya mpiganaji ni mahali pazuri pa kuweka jambo la nje ya vita au la kuwafaa wenzake. Husimuliwa kwamba wawindaji walinoa silaha zao kwenye mwamba wa Lwanda Magere, kwa hiyo kwetu, mwisho wa mapumziko, mpiganaji wa Jiwe anaweza kunoa silaha tatu za wenzake, na pigo la kwanza la kila moja huongezewa dadu ya pande 6, jumla ya pointi 10.5 kwa kipindi ikiwa zote zitapata. Ngazi ya 10 humruhusu kutumia Mwili wa Jiwe kwa ajili ya mwenzake aliye karibu naye, akiwa ni mmoja wa walioambiwa. Ngazi ya 18 nilitumia jioni tatu kuiandika vizuri, na hadi leo hakuna aliyeifikia.

Hatua ya saba: andika kanuni kwa Kiswahili kisichobishaniwa

Tukiandika kwa Kiswahili tunakutana na mitego yetu wenyewe. Wa kwanza ni kiambishi cha nafsi. «Akimpiga, anaweza kumzuia» ni sentensi safi kisarufi, na mezani ni chanzo cha ugomvi, kwa sababu hakuna anayejua ni nani anamzuia nani. Tumia «mshambuliaji», «mlengwa» na «mwenye tawi», au mwandikie mchezaji moja kwa moja kwa «wewe». Mtego wa pili ni -ki-. «Ukipigwa» haisemi kama ni kabla ya madhara kujulikana au baada yake, na tofauti hiyo ni kubwa: mchezaji anayejua kwamba pigo ni la pointi 3 hatatumia mwitikio wake, ilhali asiyejua atabahatisha. Ndiyo maana kanuni yetu inasema waziwazi «kabla dadu za madhara hazijarushwa». Wa tatu ni «kwa siku», ambayo mimi huiepuka kabisa na kutaja mapumziko, mafupi ya saa 1 au marefu ya saa 8.

Hatua ya nane: jaribu, kisha ubadilishe namba moja tu

Fanya majaribio matatu kabla ya kuliingiza tawi kwenye kisa chenu kikuu. La kwanza liwe dhidi ya adui mmoja mkubwa, kama lile zimwi. La pili liwe dhidi ya wadogo wengi. Vibwengo aina ya goblin huleta madhara ya wastani wa 5 hivi, kwa hiyo kuzuia 7.5 kunafuta pigo zima lakini sehemu ya nguvu inapotea bure, na matumizi mawili hayatoshi mbele ya maadui sita. La tatu liwe kikao kisicho na vita kabisa, ambamo unaangalia tu kama tawi limempa mchezaji sababu ya kufungua kinywa. Dadu za pande 20 sijawahi kuzikuta dukani hapa mjini, na seti yetu moja ilikuja na ndugu aliyetoka ughaibuni. Programu ya simu inatosha kabisa kwa majaribio, na stima ikipotea karatasi zenye namba ndani ya kofia zinatosha pia.

Kumbuka mwendo wa meza yako. Mwongozo wa wasimamizi wa 2014 ulikadiria mapambano 6 hadi 8 kati ya mapumziko marefu mawili, nasi kwenye veranda hupata moja au mawili kabla mvua ya jioni haijatufukuza. Nguvu inayorudi kwa mapumziko marefu huwa kubwa mno kwenye meza kama yetu, kwa kuwa mchezaji huimaliza yote kwenye pambano moja akijua hakuna la pili.

Andika tarehe kwenye kila toleo la karatasi, na ukibadilisha, badilisha jambo moja ili ujue lipi limeleta tofauti. La kwetu limefika toleo la tano. Badiliko la mwisho ni lile neno «walio hai» kwenye kanuni, ambalo halikuwepo hadi Jumamosi iliyopita, kuhani wa mpwa wangu alipouawa kwenye daraja na fundi akaniuliza kama tumizi lake limekwenda naye. Nilisema ndiyo. Amebaki na mmoja anayejua, na wengine wawili wamekwisha kumuuliza kwa nini kuhani alikuwa anamchanja sakafuni, lakini bado hajawajibu.